Ufa Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nuuk, 29 Agosti 1974

Kaka yangu Pavia,

Nakusalimu wewe, Mama, na mbwa wako wote kumi na mmoja, hata yule mwizi aliyekula kiatu changu. Nimefika. Meli iliyumba siku mbili nzima, nikatapika mpaka nikabaki ganda tupu. Juzi nimerudi kazini kupiga deki, vyumba kumi na vinne vya ofisi za wapima ardhi pamoja na ngazi zake. Magoti yananung'unika kuliko mimi.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo wiki tatu tulikunywa kahawa mimi na wewe bila kulitaja. Ule ufa wa mwamba nyuma ya nyumba umekua, kaka. Nilipokuwa msichana kiganja changu kilikuwa kikikwama humo. Safari hii niliingiza mkono mpaka begani. Mchana jua likipiga nilisikia maji yakichuruzika ndani ya jiwe, na baridi ikirudi jioni nikasikia jiwe likilia, tok, tok. Unakumbuka kipande kilichoangukia kikombe changu pale kizingitini? Hakikuwa kikubwa kuliko jino. Ulicheka, ukasema mlima umenitilia sukari. Nilicheka nawe, lakini usiku huo sikulala.

Tangu ulipompa mtoto wa mwanao Tobias jina la marehemu mama, wiki tatu baada ya kumzika, sote tunamwita Mama, naye anatuita wanangu. Ana miaka saba tu huyo Mama yetu, na kitanda chake kimegusa ukuta ulio upande wa mwamba. Nakuomba moja kati ya mawili. Ihamishe nyumba, ishuke kule tambarare karibu na duka. Kama huwezi, niletee Mama nikae naye mwaka huu.

Na kabla theluji haijafunga, tazama kigingi cha baba. Alituonyesha wote wawili: unakisukuma kile kigingi cha pembe ya nyangumi ndani ya ufa, unaacha alama, na kikishuka chini ya alama ujue jiwe limefunguka. Kipime, uniandikie ukweli.

Dada yako,
Benigne

---

Innalik, 12 Oktoba 1974

Mdogo wangu Benigne,

Barua yako imekuja na boti ya mwisho, pamoja na magunia ya unga na katekista aliyekuwa amekwenda kung'oa jino. Sisi hatujambo. Nimewinda sili watatu baharini wiki hii. Mama naye ameng'oka meno mawili, hakupanda boti, aliyang'oa mwenyewe kwa uzi na kitasa cha mlango, kisha akaniamuru nimpikie mchuzi laini. Nikapika. Amri ya mama haina rufaa.

Kigingi hakijashuka hata ukucha. Nimekitazama mara tatu.

Kuhusu kuhama, kumbuka wajumbe wa kijiji walipomwendea marehemu mama na maneno hayo hayo. Aliwaambia nyumba ile ataiacha akitoka miguu mbele, na ndivyo alivyotoka. Halafu akarudi kwetu kwa jina, akakuta jiko lake mahali pake na kitanda chake mahali pake. Leo mimi nimtoe?

Na usiniombe nikupe Mama. Nimezika mke wangu. Tobias alichukuliwa na barafu pamoja na mbwa wake, sikupata hata glovu. Mke wa Tobias ameolewa kusini na nampa haki yake, bado kijana. Nimebaki na mtu mmoja wa kumwambia nimerudi ninapofungua mlango. Omba kitu kingine chochote.

Bahari imeanza kuganda. Sijui utasoma hii lini.

Kaka yako,
Pavia

---

Nuuk, 24 Novemba 1974

Kaka Pavia,

Barua yako imenikuta nina mafua, ikaniponya. Hata ukucha! Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti jikoni, jirani akabisha hodi akidhani nina mgeni. Nimelala usiku wa siku tatu mfululizo kama mtoto.

Basi nisamehe kelele zangu. Huenda ufa nimeuona mkubwa kwa sababu mimi ndiye niliyekonda. Nakuletea kahawa, nyota ya karatasi ya kuning'iniza dirishani Krismasi, na soksi za Mama. Mwambie binti yake Benigne anampigia magoti, ingawa yanauma.

Benigne

---

Nuuk, 19 Januari 1975

Pavia,

Barua hii huenda ikakufikia pamoja na ile ya Novemba, maana hali ya hewa imezuia posta kwenda kaskazini. Ile ya Novemba itupe.

Leo asubuhi nilikuwa napangusa meza ya mama mmoja Mdenmaki anayepima miamba. Juu ya meza palikuwa na picha. Nikaona kibaraza, nikaona fremu ya kuanikia samaki, nikaona mlango wetu mwekundu. Nyuma ya nyumba, pale penye ufa, palikuwa na mstari wa kijivu wa saruji kama kovu. Nilisimama na kitambaa mkononi mpaka mwenye meza akaingia. Nikamwambia hapo ni kwetu. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Akaniuliza kwa Kidenmaki, "Yule mzee ni nani yako? Nilimwambia mwezi wa Septemba ahame kabla theluji haijayeyuka."

Septemba, Pavia. Mimi umeniandikia Oktoba. Hakijashuka hata ukucha! Kitashukaje nacho kimesimama ndani ya saruji?

Amenieleza kwa mkono, akichora nyuma ya bahasha. Maji yanaingia juu kabisa, kwenye vijiufa ambavyo jicho halivioni. Zamani yalikuwa yanatokea chini, pale pale ulipopaziba. Sasa hayana pa kutokea. Yamesimama ndani ya mwamba kama ndani ya pipa, yameganda, na maji yakiganda hudai nafasi zaidi ya yaliyopewa. Yakiyeyuka kidogo yanateremka ndani zaidi, yanaganda tena, yanasukuma tena. Kwa sasa hakuna hatari, barafu yenyewe ndiyo gundi inayolishika jiwe. Jua la Mei likiifikia gundi hiyo, anasema yeye mwenyewe hatalala nyumba ile hata kwa kulipwa.

Sikuulizi kwa nini uliziba. Nakuuliza kwa nini uliniacha nilale usingizi.

Benigne

---

Innalik, 4 Machi 1975

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimeingia siku moja, mfuko mmoja, kwenye sleji ya posta inayovutwa na mbwa. Nilifungua ya Novemba kwanza, nikacheka na Mama kuhusu magoti yako. Kisha nikafungua ya pili.

Jua limerudi baada ya miezi ya giza. Tulipanda kilimani kulipokea kama kawaida, na Mama alivua glovu na kofia kuliamkia, akaniambia na mimi nivue. Masikio yangu bado yanawaka.

Ni kweli yote. Siku tatu baada ya meli yako kuondoka nilichukua saruji iliyobaki zilipojengwa ngazi za kanisa, Mama akanishikia ndoo, nikaziba tangu chini mpaka mwisho wa ngazi yangu ya kupandia. Uliondoka ukaniachia hofu yako, Benigne, na mimi sikujua pa kuiweka. Mimi ni mtu wa mashua. Toka utotoni nikiona ufa naziba, maana nisipoziba nazama na walio nami. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba, na sasa ukuta wenyewe unanijia.

Yule mama mpima miamba alipokuja Septemba nilimpa kahawa na samaki mkavu, akanieleza hayo hayo aliyokueleza wewe. Nilielewa. Mimi si mjinga. Usidhani ni baridi kali inayovunja jiwe. Baridi kali hulilaza tu. Kinacholivunja ni kule kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku jiwe linasema basi. Niliona aibu kukuandikia kwamba mikono yangu mwenyewe imeifunga njia ya maji juu ya kitanda cha mtoto. Nikaandika kuhusu kigingi. Uongo haukuwemo, na ukweli pia haukuwemo.

Nilijaribu kuibomoa saruji. Nilivunja patasi mbili. Niliichanganya vizuri mno.

Mwenyekiti wa kijiji amekuja mara tatu kuniambia nihame. Nimempa kahawa mara tatu. Nihame kwa amri ya nani? Nyumba ni ya Mama. Siku Mama mwenyewe akiniambia nihame, nitahama siku hiyo hiyo. Mwingine yeyote asijichoshe, nawe umo.

Nimechoka kuandika. Mbwa wanalia njaa.

Pavia

---

Nuuk, 27 Machi 1975

Kaka,

Huku sote wazima. Theluji imekuwa tope barabarani. Jirani yangu amejifungua mapacha, na jengo zima halilali. Nimemfumia Mama glovu nyekundu, zimo kwenye kifurushi. Nimeandika pia kwa Regine, mke wa katekista, mambo ya kanisani tu.

Jitunze mgongo.

Benigne

---

Innalik, 30 Mei 1975

Mdogo wangu Benigne,

Tu wazima sote. Naanza na hilo, ulisome kabla ya mengine.

Tarehe kumi, Jumamosi, nilikuwa na wageni wa kahawa, mwenyekiti, katekista na Regine wake. Mwenyekiti alikuwa hajafika hata kwenye neno "kuhama", bado tuko kwenye bei ya ngozi, Mama akapanda juu ya sanduku la nguo la marehemu mama, glovu zako nyekundu mkononi, na humo ndani ni joto.

Akasema, "Pavia mwanangu, nimechoka na nyumba hii. Mgongo wake umejaa maji. Nataka kulala karibu na duka."

Nilimuuliza lini. Akasema leo.

Basi nilisimama, nikavaa buti, nikaenda kufunga mbwa. Theluji bado ilikuwepo ya kutosha kwa sleji. Jiko lilichukua wanaume wanne na matusi mengi. Kitanda cha marehemu mama nilikibeba mimi na mwenyekiti, naye kwa heshima hakusema neno njia nzima, na hiyo kwake ni kazi kuliko kubeba. Jioni tulikuwa tumeshaingia kwenye chumba cha shule ya zamani, pembeni ya duka. Pananuka chaki. Nilikaa juu ya sanduku nikalia kidogo, nakuambia kwa sababu umeniomba ukweli.

Siku tisa baadaye, saa saba mchana, anga safi kabisa, jua kali, maji yakitiririka kila mahali, nilikuwa natengeneza nyavu nje. Nikasikia tok. Kisha tok nyingine. Kisha ndege wote wakaruka kutoka mlimani kwa pamoja, na mwamba ukaja.

Kipande kilichoachia ni kikubwa kuliko kanisa. Vumbi lilifika mpaka kwenye barafu ya bahari. Lilipotulia, nyumba haikuwepo. Mlango mwekundu umesimama peke yake na fremu yake, komeo limefungwa, nyuma yake ni mawe tu. Mahali pa kitanda cha Mama pana jiwe ambalo watu kumi hawalizunguki kwa mikono. Yule mbwa mwizi alikuwa amerudi kulala kizingitini kama alivyozoea. Hatukumpata.

Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa kwenye ngazi za duka, ameshikana mkono na Regine. Hakulia.

Kigingi cha baba nimekiona juu kabisa ya rundo, bado kimo ndani ya saruji yangu. Saruji haikuachia hata kidogo. Lililoachia ni jiwe la pembeni yake.

Mama ametuokoa, Benigne. Mshukuru.

Pavia

---

Nuuk, 24 Juni 1975

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako nimekaa sakafuni katikati ya ofisi ya watu, ndoo pembeni. Yule mama wa miamba alidhani nimeanguka. Nilimpa aisome, nikasahau hajui lugha yetu, akanishika bega tu.

Nina jambo, na nikiendelea kulificha nitakuwa kama wewe na kigingi chako. Maneno yale yalikuwa yangu. Uliandika kwamba utahama Mama akisema, nikaona hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki. Nilimwandikia Regine, nikamwandikia neno kwa neno, amfundishe mtoto polepole, aseme mbele ya watu ili usiweze kujifanya hukusikia. Nimetia maneno yangu kinywani mwa mama yetu. Nimekuamuru kwa sauti yake, wewe kaka yangu mkubwa uliyenifundisha kuvua. Kama nyumba ingesimama, ningekuwa nimekutoa kwenu kwa hila.

Ningefanya tena. Lakini siku hizi nikitaja jina la marehemu mama kwenye sala nasita. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hata hivyo.

Benigne

---

Innalik, 6 Agosti 1975

Mdogo wangu Benigne,

Barua yako imekuja na meli ya kwanza, na hii inaondoka nayo ikirudi kutoka kaskazini. Samaki ni wengi. Wanakijiji wananijengea chumba kule tambarare, mwenyekiti ndiye anayepiga kelele nyingi na misumari michache. Mgongo wangu ni ule ule.

Nilijua.

Nilijua kabla Mama hajashuka kutoka kwenye sanduku. Mama yetu alizaa tisa akazika sita, na hakuna mtu Innalik aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Aliyekuwa akisema amechoka katika nyumba ile ni wewe, tangu siku ya kwanza ulipotumwa maji. Nilisikia sauti yako kabisa. Na Regine alikuwa akitikisa midomo naye, maskini, kama anayemfuatisha mtoto wimbo.

Lakini mimi nilikuwa nimechoka, Benigne. Tangu Septemba nilikuwa nikilala na viatu. Sikuweza kuiacha nyumba, sikuweza kukaa, na sikuweza kumtii mwenyekiti wala mpima miamba wala wewe, kwa sababu kila mmoja wenu angekuwa amenishinda. Barua ile ya Machi niliandika nikijua unaijua akili yangu. Nilikuwa naomba mtu aniamuru. Kwa hiyo wewe huna la kusamehewa, au tunalo sote wawili, tugawane.

Nilidhani yamekwisha hapo. Juzi nilikuwa na Mama kwenye yale mawe, tunatafuta vijiko. Nikamuuliza, kwa kumtania tu, ni nani aliyemfundisha hotuba yake ya siku ile.

Akasema, "Regine. Lakini mimi nilitaka kusema zamani. Nilikuwa nalisikia jiwe kila siku nikilala."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

Akasema, "Nilidhani mama haogopi."

Nilikaa juu ya jiwe. Miaka saba nimemwambia yeye ndiye mama, nimempa kiti cha mama na kitanda cha mama, nimemlilia Tobias mapajani kwake hali miguu yake haijafika chini. Alikuwa akilala pale, sikio lake ukutani, akinyamaza ili mimi nisiogope. Ufa niliokuwa nikiupima kila mwaka ulikuwa nyuma ya nyumba. Huo mwingine sikuupima kabisa.

Meli inaondoka kesho. Namleta mwenyewe mpaka Nuuk, na barua hii nitakutia mkononi, maana haya siwezi kuyasema kwa mdomo, kisha nitarudi kumalizia chumba, na tutaona mwakani. Anakuja na sanduku la marehemu, glovu zako, na kigingi cha baba, ambacho amekataa kuniachia. Kaskazini na kusini ataendelea kuitwa Mama, jina ni lake na simnyang'anyi. Mchana mwite hivyo, mtanie, mpigie magoti.

Ila usiku ukimsikia ameamka, usimwite Mama. Mwambie, "Lala, mtoto wangu, niko macho mimi." Kisha umfunike.

Kaka yako,
Pavia